Elimu Isiuzwe Ingali Maua

Ndugu zetu wa Karagwe na Kyerwa hawahitaji kuelezwa butura ni kitu gani. Mkulima hubanwa na shida: mtoto anaumwa, paa limeng'olewa na upepo, msiba umeingia nyumbani. Humwendea mtu mwenye fedha, akamwuzia kahawa yake ingali maua juu ya mti. Leo hupewa shilingi chache. Siku ya mavuno mwenye fedha huja na magunia yake akachukua mzigo mzima. Mkulima hubaki akiitazama mibuni yake kana kwamba ni ya jirani. Viongozi wameipiga vita butura miaka nenda miaka rudi, maana kila mtu aona dhuluma iliyomo ndani yake.

Leo gazeti letu lataka kusema juu ya butura ya namna nyingine, ambayo haipigiwi kelele. Nayo ni butura ya elimu. Darasa halina mwalimu wa hesabu wala wa fizikia. Badala ya kumtafuta mtu anayelijua somo, tukamfundisha kufundisha na kumwajiri kwa haki, twachukua lililo karibu: mtu yeyote asimame mbele ya watoto, mradi siku ziende. Shida ya leo hupoa. Lakini siku ya mavuno, yaani siku ya mtihani wa kidato cha nne, deni lote hulipwa na mtoto.

Katika shule moja ya sekondari ya upande wetu, ambayo hatutaitaja maana haiko peke yake, kidato cha kwanza walikaa muhula mzima bila mwalimu wa fizikia. Wazazi wakakutana, wakachanga fedha, wakamleta kijana aliyemaliza kidato cha sita mwaka uliotangulia. Kijana yule ni mwema na alijitahidi. Siku moja mtoto akamwuliza: kwa nini msumari mdogo huzama katika Mto Kagera, na mtumbwi uliojaa ndizi hauzami? Kijana akajibu, "Andika kama ilivyo kitabuni." Mtoto akaandika, wala hakuuliza tena.

Nani wa kulaumiwa? Si kijana, ambaye alipewa jembe bila kuonyeshwa shamba. Wala si wazazi, ambao walitoa walichonacho. Wa kulaumiwa ni sisi sote tulioizoea hali hiyo, tukaiona kuwa ni ya kawaida.

Majengo tumejenga. Hapana atakayewanyang'anya wananchi sifa hiyo. Wakati wa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, wazee na vijana, wanaume kwa wanawake, walibeba mawe, mchanga na maji ili kila kata ipate shule yake. Mwaka 2004 nchi nzima ilikuwa na shule za sekondari 1,291. Mwaka 2009 zilikuwa 4,102. Wanafunzi waliokuwa laki nne na ushee wakafika karibu milioni moja na nusu. Tangu Januari 2016 ada imefutwa hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ikafutwa na kwa kidato cha tano na cha sita. Haya ni mambo makubwa. Mtoto wa mchimba bati wa Kyerwa na mtoto wa mwenye duka wa Kayanga sasa wana mlango mmoja.

Lakini mlango si shule. Shule ni mwalimu. Ukuta hauwezi kumweleza mtoto maana ya mlinganyo, wala bati haliwezi kumsahihishia daftari.

Tukumbuke yaliyotupata. Katika haraka ile ya miaka ya 2000, vijana waliomaliza kidato cha sita walipewa mafunzo ya wiki chache, wakapelekwa madarasani kwa leseni. Watu wakawapachika jina la "voda fasta", kwa mfano wa vocha ya simu. Jina lile lilikuwa la kuwadhihaki vijana, na haikufaa. Wengi wao walifanya kazi ngumu mahali ambapo wengine walikataa kwenda, na baadhi walirudi vyuoni wakawa walimu hodari. Kosa lilikuwa la mpango wenyewe. Kisha mwezi Februari 2013 yakatangazwa matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012: watoto zaidi ya 240,000 walipata sifuri. Matokeo yalipangwa upya baadaye, lakini aibu ile haikupangika upya. Sababu zake zilikuwa nyingi, na upungufu wa walimu waliofundishwa ulikuwa miongoni mwazo.

Tukajaribu tena. Wanafunzi wa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi na hesabu wakapelekwa Chuo Kikuu cha Dodoma. Mwezi Mei 2016 zaidi ya 7,000 kati yao walirudishwa nyumbani kwa ghafla, na baadaye waliokuwa na sifa wakapangiwa vyuo vya ualimu. Nia ilikuwa njema mara zote mbili. Lakini nia njema isiyo na maandalizi ni butura tu.

Je, hakuna njia nyingine? Ipo, tena si ya kubuni leo. Tutazame watu tulio nao.

Pita Omurushaka siku ya gulio. Pita Nkwenda, Kaisho, Murongo hata Isingiro. Utamkuta kijana mwenye shahada ya sayansi ya kilimo akipima kahawa kwenye mizani ya mtu mwingine. Utamkuta binti mwenye shahada ya hesabu na takwimu ndani ya kibanda cha kutuma fedha kwa simu. Utamkuta mhandisi aliyerudi kutoka mjini baada ya mkataba wa kampuni kwisha, na sasa anasimamia wachimbaji wa bati. Yuko pia mtu mzima wa miaka thelathini na minane, mtaalamu wa maabara au mhasibu wa ushirika, mwenye kazi yake na mshahara wake, ambaye kila jioni huwafundisha hesabu watoto wa jirani barazani bila kulipwa senti, na moyoni husema: kumbe hii ndiyo kazi yangu.

Watu hawa ni hazina. Wanalijua somo. Tena wamelitumia somo hilo kazini, wakaona lilivyo na faida na lilivyo na taabu. Aliyepima shamba kwa kamba na kuhesabu mbolea hatamwambia mtoto aandike tu kama ilivyo kitabuni.

Lakini hapa tusidanganyane. Kujua jambo ni kitu kimoja, na kulifundisha ni kitu kingine. Sisi tunaoandika maneno haya tumepita chuo cha ualimu. Twaikumbuka siku ya kwanza ya mazoezi ya kufundisha: macho hamsini yakitutazama, chaki ikitetemeka mkononi, na somo tulilolijua usiku mzima likatuponyoka kama samaki. Kuandaa azimio la kazi la muhula, kuandika andalio la somo, kutunga swali linalopima akili badala ya kukariri, kumtambua mtoto asiyeona ubaoni ambaye watu wamemwita mvivu, kuongoza darasa bila kulichapa hadi liwe kimya: mambo hayo hayaji na shahada ya uhandisi. Hufundishwa, na huchukua muda.

Ndiyo maana iko Stashahada ya Uzamili ya Elimu. Msomaji asitishwe na urefu wa jina. Maana yake ni kwamba mtu mwenye shahada isiyo ya ualimu husoma kwa muda wa kama mwaka mmoja namna mtoto anavyojifunza, mitaala, upimaji, na mbinu za kufundisha somo lake, kisha hupelekwa shuleni kufanya mazoezi chini ya macho ya walimu wenye uzoefu. Akifaulu, ni mwalimu kamili wa sekondari, wala si wa kuazima. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam huifundisha. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, huifundisha kwa masafa, na kina kituo chake cha mkoa wetu mjini Bukoba. Matangazo ya ajira ya Serikali nayo yamekuwa yakimtambua mwenye shahada pamoja na stashahada hiyo. Njia imekwisha kuchongwa. Kilichobaki ni kuing'oa miiba.

Miiba yenyewe ni hii.

Mwiba wa kwanza ni fedha. Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi mwaka 2005, imejengwa zaidi kwa ajili ya kijana anayesoma shahada yake ya kwanza. Mtu mwenye mke na watoto wawili, au mama anayelea peke yake, anayetaka kuacha kibanda chake mwaka mzima ili asome ualimu, hana pa kushika. Ada atoe yeye, nauli atoe yeye, na nyumbani sufuria ingali yangoja.

Mwiba wa pili ni safari. Kutoka Isingiro hadi Bukoba, kupita Omurushaka na Kyaka, si mwendo wa kwenda na kurudi jioni ukapike. Anayesoma kwa masafa husoma peke yake usiku, kwa simu yenye chaji kidogo, bila mwenzake wa kumwuliza. Wengi huanza, na njiani wakachoka.

Mwiba wa tatu ni umri. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira yamekuwa yakiweka mpaka wa miaka 45. Mtu aliyefanya kazi nyingine miaka kumi na mitano, akaamua kuwa mwalimu akiwa na miaka arobaini na tatu, akimaliza masomo na kungoja nafasi mlango utakuwa umefungwa. Twamfukuza mtu wakati ule ule ambapo uzoefu wake umeiva.

Mwiba wa nne ni dharau, na huu ndio mchungu kuliko yote. Watu husema: "Huyo ameshindwa kwingine, ndiyo maana amekuwa mwalimu." Maneno haya hayafai asilani katika nchi hii. Kiongozi wetu wa kwanza alikuwa mwalimu wa sekondari. Alirudi kutoka Edinburgh mwaka 1952 na shahada yake, akaenda kufundisha Pugu, na TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954 yeye alikuwa angali mwalimu. Mwaka 1955 aliacha chaki ili awatumikie watu katika siasa, na mpaka leo, pamoja na vyeo vyote alivyoshika, watu humwita Mwalimu. Kama yeye aliacha chaki akashika kazi ya Uhuru, kuna aibu gani mwenzetu akiacha mizani ya kahawa akashika chaki? Zote mbili ni kazi ya Uhuru.

Wala jambo hili si la nchi maskini peke yake. Hata Uingereza, iliyotutawala, ina upungufu wa walimu wa hesabu na fizikia. Mwaka 2016 Lucy Kellaway, mwandishi wa siku nyingi wa gazeti la Financial Times, alianzisha pamoja na mwenzake shirika la Now Teach la kuwashawishi watu wazima waache kazi zao za benki, sheria na biashara wawe walimu. Yeye mwenyewe akaenda kufundisha hesabu London, karibu na umri wa miaka sitini. Tuangalie jambo moja: pamoja na elimu yake yote, alianza kwa kujifunza ualimu shuleni kama mwanagenzi, chini ya walimu waliomtangulia, wengi wao wadogo kwake kwa umri. Hakusema, "Mimi ni mtu mkubwa, nipeni darasa." Hilo ndilo la kuiga.

Hapa tumesikia sauti ikiuliza, nayo ni sauti ya haki: "Mnataka kuwafundisha watu wapya ualimu, na walimu waliohitimu wako mitaani bila kazi?" Ni kweli. Vijana wengi waliosomea ualimu wamengoja ajira miaka mingi, na mwaka 2025 waliokosa kazi walijikusanya wakapaza sauti nchi nzima. Mtu asiwaite wakorofi. Wamefanya walichoambiwa na nchi: wasome, na wamesoma.

Jibu letu ni hili. Kwanza, mwalimu wa sayansi na hesabu aliyekwisha kuhitimu aajiriwe mbele ya wote. Hatutaki mtu arukwe katika mstari. Pili, tuone hesabu ilivyo: waliongoja zaidi ni wa masomo ya sanaa, na madarasa yenye upungufu mkubwa ni ya fizikia, hesabu, kemia na ufundi. Huwezi kuziba tundu la paa kwa kigae cha sakafuni, hata kikiwa kizuri namna gani. Tatu, mtu wa Isingiro mwenye shamba lake na mji wake hapa hapa hatakuja kuripoti Jumatatu, na Ijumaa akaanza kutafuta uhamisho. Walimu wangapi tumewapokea kwa shangwe, tukawaaga kabla mvua mbili hazijapita? Nyumba hakuna, barabara ni tope, ndugu wako mbali. Hatuwalaumu. Lakini mwenyeji akifundishwa ualimu, shule hupata mwalimu na kijiji humbakiza mtu wake.

Tena sasa jambo limekuwa la haraka kwa sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni mkondo wa amali. Tangu Januari 2024, kwa mtaala mpya, watoto wa kidato cha kwanza katika shule chache za mwanzo wameanza kusoma ufundi, kilimo na kazi nyingine za mikono pamoja na masomo ya kawaida. Shule hizo zitaongezeka. Nani atafundisha umeme? Nani atafundisha kilimo? Mtu aliyesoma umeme kwenye karatasi tu, au mhandisi aliyepanda nguzo na kuona waya ukiungua? Wilaya inayoishi kwa kahawa, ndizi na maharage, na yenye bati ardhini, ina watu wa amali tele. Hawana ualimu tu. Tuwape.

Sababu ya pili ni mwaka 2028. Chini ya sera mpya, elimu ya msingi itakuwa ya miaka sita badala ya saba. Kwa hiyo watoto watakaomaliza darasa la saba mwaka 2027, pamoja na wale watakaomaliza darasa la sita mwaka huo huo, wataingia kidato cha kwanza kwa pamoja Januari 2028. Msomaji na apige picha ya shule ya kata yake, yenye mwalimu mmoja wa hesabu au bila hata mmoja, ikipokea watoto wa miaka miwili kwa siku moja. Madarasa yatajengwa, maana kujenga twajua. Lakini mwalimu hafyatuliwi kama tofali. Kumfundisha mwenye shahada ni kazi ya mwaka mzima, ukiacha muda wa kumpata na kumwajiri. Tukingoja watoto wafike mlangoni, tutarudi kwenye wiki chache na leseni. Tutauza tena kahawa ingali maua.

Basi twasema nini kifanyike?

Kwa Serikali twasema: iwepo nafasi ya mkopo au ufadhili kwa mwenye shahada ya sayansi, hesabu, kilimo au uhandisi anayesoma Stashahada ya Uzamili ya Elimu, naye aweke sahihi ya kufundisha miaka kadhaa katika wilaya yenye upungufu. Asiyetimiza arudishe fedha za umma. Hilo si jambo geni. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, kijana aliyemaliza kidato cha sita alitakiwa kufanya kazi kwanza kabla ya kuingia Chuo Kikuu, maana elimu inayolipwa na mkulima ina deni kwa mkulima. Mpaka wa umri nao ulegezwe kwa walimu wa masomo yenye upungufu. Na matangazo ya ajira yaseme waziwazi shahada zipi zinakubaliwa kwa somo lipi, ili mhandisi asisome mwaka mzima kisha aambiwe kwamba karatasi yake haina neno "Fizikia".

Kwa Halmashauri zetu za Karagwe na Kyerwa twasema: tengenezeni orodha ya kweli ya upungufu, shule kwa shule na somo kwa somo, mkaibandike ubaoni wananchi waisome. Mwalimu mzoefu atakayemlea mwanagenzi apunguziwe vipindi. Na nyumba ya mwalimu ijengwe kabla ya ukumbi wa mikutano.

Kwa Chama chetu twasema maneno mawili, tena bila kuficha. La kwanza: kadi ya Chama si cheti cha ualimu. Ikitokea nafasi ya ufadhili, isiwe ya mtoto wa katibu wala ya shemeji wa diwani. Mwenye sifa apewe, hata kama hajawahi kuhudhuria mkutano wetu hata mmoja. Tukiugeuza mpango huu kuwa wa kujuana, tutakuwa tumeuua kwa mikono yetu, na watoto watakaokosa mwalimu watakuwa na haki ya kutuhukumu.

La pili: ofisi zetu za matawi zitumike. Mwaka 1961 Chuo Kikuu kilipoanza Dar es Salaam na masomo ya sheria, hakikuwa na majengo. TANU ilitoa nyumba yake ya Mtaa wa Lumumba, na wanafunzi wa kwanza wakasomea humo. Chama kilichotoa nyumba kwa Chuo Kikuu kitashindwaje kutoa chumba cha tawi jioni mbili kwa juma? Wanaosoma kwa masafa Isingiro, Kaisho na Nkwenda wakutane hapo, taa iwepo, chaji ya simu iwepo, meza iwepo, na mwalimu mstaafu aje awasikilize wakifundishana. Gharama yake ni ndogo kuliko ya bendera za mkutano mmoja wa hadhara. Kila tawi liandike pia majina ya wenye shahada walio katika kata yake na kazi wanazofanya, kisha liwaendee nyumbani kuwauliza. Watu wengi hawajawahi kuulizwa.

Kwa ndugu zetu wenye shahada tuna neno la udugu. Hatuwaahidi utajiri. Ualimu una madaftari ya kusahihisha usiku, na shukrani yake huchelewa, pengine miaka ishirini, mpaka siku utakapokutana na daktari hospitalini akakwambia, "Shikamoo, Mwalimu, ulinifundisha kidato cha pili." Lakini kumbukeni nani aliwasomesha. Kuna mtu aliuza kahawa yake ili ninyi mpate shahada. Wengine waliiuza kwa butura. Deni lile halilipwi kwa yule aliyeuza tu. Hulipwa kwa mtoto aliyekaa sasa katika darasa lisilo na mwalimu. Wala msije mkidhani ualimu ni mahali pa kungojea kazi nyingine. Anayekuja kungoja, heri abaki kwenye mizani yake.

Na kwa wazazi twasema: acheni kuridhika na habari kwamba "mwalimu yupo". Ulizeni amesomea nini, na nani amemfundisha kufundisha. Ulizeni katika mkutano wa kijiji, ulizeni katika mkutano wa Chama, mtuulize na sisi. Mwananchi anayeuliza si adui wa Serikali yake.

Zamani maadui wa nchi walitajwa watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Mwalimu alikuwa akikumbusha kwamba tulipopata Uhuru mwaka 1961 tulikuwa na wahandisi wawili na madaktari kumi na wawili tu. Leo tuna wahandisi wanaopima kahawa gulioni. Basi tusiseme tena kwamba wenye elimu hatuna, maana tunao, tena ni majirani zetu. Kazi yetu ni kuwafikisha darasani kwa njia iliyo sawa, wakiwa wamefundishwa, wameajiriwa na kuheshimiwa.

Yule mtoto aliyeuliza juu ya msumari na mtumbwi bado yuko shuleni. Swali lake halijajibiwa.